Baraza la madiwani: nani anakaa humo, na hoja yako inapitia wapi

Wasikilizaji wetu wa Mwanza hutuuliza swali moja kwa sura nyingi: nani hasa aliamua? Nani alipandisha ushuru wa meza sokoni, nani alipanga zahanati ijengwe kata ile na siyo hii, kwa nini mwalo wetu hauna choo? Jibu la haraka huwa ni "serikali". Jibu sahihi, kwa mambo mengi ya aina hiyo, ni baraza la madiwani. Hapa tunaeleza baraza hilo limeundwaje na linakaa vipi. Tutakaa zaidi kwenye jambo ambalo tunaona linawagharimu watu wengi: wanafika wakati uamuzi umeshapita.

Tuanze kwa kuliweka baraza mahali pake. Katika nchi kama Marekani na India, taifa limegawanyika katika majimbo yenye serikali na mabunge yao, na baadhi ya mabunge hayo yana nyumba mbili, ya juu na ya chini. Tanzania haina utaratibu huo. Bunge letu la Dodoma lina nyumba moja tu, na mkoa wa Mwanza hauna bunge lake. Zanzibar ina Baraza la Wawakilishi, lililoanza mwaka 1980, linalotunga sheria kwa mambo yasiyo ya Muungano. Kwetu huku Bara, chombo cha kuchaguliwa kilicho chini ya Bunge ni halmashauri, na mkutano wake ndio tunauita baraza la madiwani.

Majirani zetu wa ng'ambo ya ziwa wana kitu tofauti. Tangu mwaka 2013, Kisumu, Homa Bay na Migori ni kaunti kati ya 47 za Kenya, na kila kaunti ina bunge lake lenye spika na wawakilishi wa wadi. Muswada wa kaunti ukipita bungeni kwao huenda kwa gavana. Baraza la madiwani la Mwanza halina nguvu hizo. Linatunga sheria ndogo tu, na sheria ndogo haiwi sheria mpaka waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa aidhinishe na itangazwe katika Gazeti la Serikali. Msikilizaji anayefuatilia redio za pande zote mbili za ziwa asichanganye: diwani si sawa na mwakilishi wa wadi wa Kisumu, ingawa wote wawili hufuatwa na watu walewale kuhusu barabara ileile yenye mashimo.

Mwanza moja, mameya wawili

Serikali za mitaa hazikuwapo wakati wote. Mwaka 1972 zilifutwa, kazi zake zikachukuliwa na utawala wa mikoa na wilaya. Halmashauri za mijini zilirudishwa mwaka 1978, kisha mwaka 1982 zikatungwa sheria ambazo mpaka leo, pamoja na marekebisho mengi, ndizo zinazotumika: moja ya mamlaka za wilaya, moja ya mamlaka za miji, nyingine ya fedha. Katiba nayo, katika ibara za 145 na 146, inasema vyombo hivi vipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi.

Mwanza ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2000. Mwaka 2012 Ilemela ikatengwa kuwa manispaa inayojitegemea. Hapo ndipo wengi hupotea. Mtu anasema "naishi Mwanza", lakini mji huu una halmashauri mbili. Halmashauri ya Jiji la Mwanza iko wilaya ya Nyamagana na ina kata 18, zikiwamo Pamba, Mirongo, Igogo, Mkuyuni, Butimba, Igoma na Buhongwa. Manispaa ya Ilemela ina kata 19, zikiwamo Kirumba, Kitangiri, Pasiansi, Buswelu na Sangabuye. Kila moja ina meya wake, mkurugenzi wake na bajeti yake. Mfanyabiashara wa dagaa wa Mwaloni Kirumba akienda kulalamika kwa meya wa Jiji amekosea mlango, hata kama ofisi hiyo iko karibu naye zaidi. Kabla ya kuandika barua, jua kwanza kata yako iko halmashauri ipi.

Nje ya mji, halmashauri ni za wilaya, kama Ukerewe, Magu, Misungwi na Kwimba, na kiongozi wa baraza lake huitwa mwenyekiti badala ya meya. Muundo unafanana kwa sehemu kubwa.

Wanaokaa ndani

Kila kata huchagua diwani mmoja katika uchaguzi mkuu, siku ileile ya kumchagua Rais na mbunge. Wanaongezwa madiwani wanawake wa viti maalumu, wasiopungua theluthi moja ya madiwani wa kata na wabunge, wanaogawanywa kwa vyama kulingana na viti vilivyopatikana. Mbunge wa jimbo naye ni mjumbe wa baraza, na ana kura. Kwa hiyo unapomwona mbunge wako akizungumza kwenye baraza hajaalikwa kuwa mgeni rasmi, yupo kazini.

Madiwani humchagua meya kutoka miongoni mwao kwa miaka mitano. Naibu meya huchaguliwa kila mwaka, na ndiyo maana jina lake hubadilika mara kwa mara kwenye taarifa zetu. Mkurugenzi hachaguliwi. Huteuliwa na Rais, na katika baraza yeye ni katibu: anaandaa ajenda, anatunza kumbukumbu, anatekeleza kilichoamuliwa, lakini hapigi kura. Nyuma yake hukaa wakuu wa divisheni na vitengo, ambao mtaani bado tunawaita wakuu wa idara. Hao hujibu hoja za kitaalamu.

Mkuu wa wilaya huwapo pia mara nyingi, na neno lake lina uzito, lakini si mkuu wa baraza. Tunalisema hili kwa sababu malalamiko mengi yanayostahili kufika kwa diwani huishia kwenye ziara za mkuu wa wilaya. Pale yanapata makofi na kamera, kisha yanarudishwa kwenye halmashauri ileile.

Kamati ndiyo jikoni

Baraza zima hukutana kila baada ya miezi mitatu. Kwa kawaida siku ya kwanza madiwani huwasilisha taarifa za kata zao, na inayofuata hupokea taarifa za kamati. Anayehudhuria kwa mara ya kwanza hushangaa jinsi mambo makubwa yanavyopita haraka. Si uzembe, au tuseme si uzembe kila mara. Mambo hayo yameshachambuliwa kwenye kamati za kudumu.

Kwenye halmashauri za miji kamati kuu tatu ni ya Fedha na Uongozi, ya Uchumi, Afya na Elimu, na ya Mipango Miji na Mazingira. Zipo pia kamati ya kudhibiti UKIMWI na kamati ya maadili ya madiwani. Ya fedha ndiyo nzito: inaongozwa na meya na hukutana kila mwezi, wakati nyingine hukutana kila robo mwaka. Mapato, matumizi, zabuni zinavyokwenda, miradi iliyokwama, vyote hupita hapo kabla ya kufika ukumbini.

Tuchukue mfano wa akina mama wanaoanika dagaa kwenye mwalo usio na choo wala paa. Hoja yao huanzia kwenye mkutano wa mtaa, au mkutano mkuu wa kijiji kwa walio vijijini. Mwenyekiti wa mtaa anaipeleka kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo wengi huiita WDC. Mwenyekiti wa kamati hiyo ni diwani, katibu ni mtendaji wa kata. Ikipita hapo inaingia kwenye vipaumbele vya kata, inakwenda kwa wataalamu wa halmashauri, kisha kwenye kamati husika, kisha kamati ya fedha, mwisho baraza.

Sasa angalia kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi, lakini baraza hupitisha makadirio ya bajeti mwanzoni mwa mwaka, na kata huwa zimeshaulizwa vipaumbele vyao miezi kadhaa kabla. Akina mama wale wakimfuata diwani mwezi Mei, hata akiwa mtu mwema namna gani, kilichobaki ni kuwaahidi mwaka ujao. Simu za kulalamikia bajeti tunazipokea zaidi mwezi Juni na Julai. Laiti zingekuja Oktoba.

Ushuru nao una njia yake. Leseni ya uvuvi inatokana na sheria ya uvuvi ya taifa ya mwaka 2003, hivyo baraza haliwezi kuifuta. Lakini ushuru unaotozwa na halmashauri mwaloni na sokoni hutokana na sheria ndogo, na rasimu yake lazima itangazwe ili wakazi watoe maoni kabla baraza halijaipitisha. Matangazo hayo hubandikwa kwenye mbao za ofisi za kata na halmashauri. Hayasomwi sana. Baada ya waziri kusaini, kuligomea ni kazi nyingine kabisa.

Baraza pia lina mkono kwenye mikopo ya vikundi. Sheria ya fedha za serikali za mitaa, kwa marekebisho ya mwaka 2018, inaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo ilisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu wa kuitoa upangwe upya, ikarejea mwaka 2024. Diwani ana haki ya kuuliza barazani ni kiasi gani kilitengwa na vikundi vipi vya kata yake vilipata. Muombe aulize.

Mkutano wa baraza kwa kawaida uko wazi kwa wananchi na waandishi wa habari, ingawa msikilizaji hachangii. Tarehe utaipata kwa mtendaji wa kata au ofisi ya mkurugenzi. Kila mwaka kuna pia mkutano maalumu wa kujadili hoja za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Kama una nafasi ya kwenda mara moja tu kwa mwaka, nenda huo. Humo ndimo mkurugenzi huulizwa mbele ya madiwani wote fedha zilikwenda wapi, hoja moja baada ya nyingine, kwa namba zake.