SEHEMU YA 5: Filamu iliyolipiwa na wafugaji

Leo chanjo tuziweke pembeni kidogo, tuongelee maziwa.

Mwaka 1976 huko India, Shyam Benegal alitoa filamu ya Kihindi, Manthan. Unajua nani aliilipia? Wafugaji 500,000 wa Gujarat, kila mmoja rupia 2 tu!

Daktari wa mifugo anafika kijijini kuanzisha ushirika. Anakuta mwenye kiwanda anawapunja wauza maziwa, na watu wa tabaka la chini wanadharauliwa. Ushirika unapima mafuta ya maziwa, unalipa kwa kipimo hicho. Hauulizi wewe mtoto wa nani. Ndo wakubwa wa kijiji wakachukia! Mwishoni daktari anaondoka, ila wanyonge wenyewe wanauendeleza.

Chimbuko lake ni ushirika wa kweli, ulioanza 1946 Anand, wenye jina la Amul.

Nakiri mama zangu: anayeniletea maziwa nilishamkopa wiki mbili, hata jina simjui. Kesho nalipa, namuuliza jina.

Wewe je, wako unamjua?