Kliniki za kuacha sigara England: zinasaidia kweli?

Wadau, kila nikigusia sigara hapa hakosi mtu wa kuniambia "wenzetu wana kliniki za bure za kuacha fegi, kwao rahisi". Habari hiyo ni nusu kweli, hebu tuiangalie.

Huduma hizi zilianza 1999 katika maeneo maskini ya England (sio Uingereza yote), kisha NHS ikazisambaza. Utaratibu wenyewe: unapanga siku ya kuacha, unakutana na mshauri kila wiki, unapewa plasta au bigijii za nikotini, au vidonge. Halafu unapuliza kwenye kimashine kinachopima kaboni monoksaidi. Ukivuta kwa kificho kinakuumbua (ila cha jana tu, cha juzi hakioni!).

Utata uko kwenye kuhesabu. Serikali inamhesabu mtu kuwa ameacha akifika wiki ya 4, ilimradi wiki mbili za mwisho hajavuta hata pafu moja. Wengine hata hawakupuliza, walisema tu kwa mdomo. Kwa hesabu hiyo, mwaka 2011/12 watu zaidi ya 800,000 walipanga siku na karibu nusu wakatangazwa wameacha. Mwanasiasa gani asingefurahi?

Lakini utafiti uliochapishwa 2005 uliwafuatilia wateja kwa mwaka mzima. Wiki ya 4, zaidi ya nusu walikuwa wameacha. Mwaka ulipotimia, wakabaki 15% hivi. Yaani katika kila wanne walioshangiliwa, watatu hivi walirudia.

Msicheke lakini. Wanaojikaza wenyewe bila msaada, kati ya 100 wanaofikisha mwaka ni kama 3 hadi 5. Kwa hiyo 15 sio haba hata kidogo. Mimi naona kazi ni nzuri, ila inatangazwa kwa namba isiyo yake.

Kilichonishangaza zaidi ni hiki: wateja maskini walifaulu kidogo kuliko wenye nacho, lakini kwa kuwa walifikiwa wengi, pengo likapungua.

Aprili 2013 huduma zikahamishiwa kwenye halmashauri, na bajeti zikakatwa. Sigara za elektroniki nazo zikachukua wateja. Kufikia 2018/19, waliopanga siku hawakufika hata 300,000. Mwaka 2024 serikali ikaanza kuongeza pauni milioni 70 kwa mwaka. Safari hii mimi nitasubiri namba za mwaka mzima, hizo za wiki 4 wabaki nazo.