Star Wars Galaxies: Mchezo ulioharibiwa kwa kuigizwa na mingine

Tarehe 15 Desemba mwaka 2011 seva za mchezo wa kompyuta wa Star Wars Galaxies zilizimwa, baada ya miaka minane na nusu. Hata hivyo, wachezaji wake wengi hawakuwapo siku hiyo. Hao walikuwa wamekwisha kuuaga miaka sita nyuma, Novemba 2005, pale wenye mchezo walipouvunja na kuujenga upya kwa mfano wa michezo ya aina nyingine iliyokuwa ikishamiri wakati huo.

Michezo ya namna hii huwakutanisha maelfu ya watu, kila mmoja akiwa mbele ya kompyuta yake, ndani ya dunia moja ya kubuni ambayo haisimami hata mchezaji akienda kulala. Tangu mwanzo fani hii imekuwa na matawi mawili. Katika tawi la kwanza watungaji humwandalia mchezaji safari: hapa pana joka la kuuawa, pale pana hazina, na kila akishinda hupanda daraja. EverQuest, mchezo wa mwaka 1999, ulikuwa wa tawi hilo. Katika tawi la pili watungaji hutoa ardhi, zana na sheria, kisha huwaachia wachezaji wajenge jamii yao wenyewe. Ultima Online, wa mwaka 1997, ulielekea huko, na kiongozi wa ubunifu wake alikuwa Mmarekani Raph Koster.

Ni Koster huyo aliyekabidhiwa usukani pale kampuni ya Sony Online Entertainment ilipopata kibali cha LucasArts cha kutengeneza mchezo wa mtandao kutokana na filamu za Star Wars. Mchezo ulifunguliwa Marekani tarehe 26 Juni 2003, ukiwa na sayari 10 na kazi zipatazo 30 ambazo mchezaji aliweza kujifunza na kuzichanganya apendavyo. Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hizo haikuhusu vita kabisa. Palikuwa na mshonaji, mpishi, msanifu majengo, mfua silaha, mfuga wanyama, mpiga muziki na mcheza ngoma.

Kazi hizo hazikuwa pambo. Mpiganaji aliyetoka porini alirudi na majeraha ambayo hayakupona kwa kungoja. Yale ya mwili yalihitaji tabibu, na tabibu huyo alikuwa mchezaji mwingine, binadamu halisi aliyeketi mbele ya kompyuta yake katika mji mwingine au nchi nyingine. Uchovu wa vita na majeraha ya akili havikuponyeshwa na tabibu. Viliondoka kwa kuketi katika kilabu cha starehe, kutazama ngoma na kusikiliza muziki, na waliotumbuiza pia walikuwa wachezaji. Silaha zilichakaa, hivyo ilibidi kurudi kwa mfua silaha. Naye mfua silaha alihitaji madini, na madini hayakukaa mahali pamoja: chimbuko moja liliisha, jingine likazuka katika sayari nyingine likiwa na ubora tofauti, na ubora huo ndio ulioamua uzuri wa bunduki. Wapo waliofanya shughuli yao yote iwe kupima ardhi, kusimika mitambo ya kuchimba na kuuza walichopata. Miezi michache baada ya kufunguliwa kwa mchezo wachezaji waliruhusiwa kuanzisha miji, wakachagua mameya na kutoza kodi.

Kwa hiyo mtu aliweza kukaa miezi bila kumpiga risasi yeyote, na bado akawa na jina kubwa katika seva yake kwa sababu bunduki zake au nguo zake zilisifiwa. Kila mmoja alimhitaji mwenzake, na vilabu vilijaa kwa sababu watu walikuwa na haja ya kwenda huko. Ndipo urafiki ulipozaliwa, katikati ya kungoja kupona.

Pamoja na hayo, haitakuwa haki kusema kwamba mchezo huo ulikuwa mzima. Kasoro za programu zilikuwa nyingi, na nguvu za wapiganaji hazikuwa na uwiano. Tena ufa wa kwanza ulitoka ndani, katika suala la Jedi, wale mashujaa wa filamu wenye panga za mwanga. Hadithi ya mchezo iliwekwa katika kipindi ambacho Jedi karibu wote wamekwisha kuuawa, kwa hiyo walitakiwa kuwa adimu, na njia ya kuwa mmoja wao ikafanywa siri. Siri hiyo ilipovuja mwishoni mwa mwaka 2003, ikajulikana kwamba ilimpasa mtu abobee katika kazi kadhaa alizopangiwa kwa bahati nasibu. Wacheza ngoma wakaacha ngoma wakaenda kufuga wanyama, wafua silaha wakaingia jikoni, si kwa mapenzi bali kwa kutaka kuimaliza orodha. Jamii iliyokuwa imejengwa juu ya watu kupenda kazi zao ikaanza kutikisika.

Hali ilikuwa hiyo wakati kampuni ya Blizzard ilipofungua World of Warcraft, tarehe 23 Novemba 2004. Huo ulikuwa mchezo wa tawi la kwanza, wa safari zilizopangwa, lakini uliosafishwa na kurahisishwa kuliko yote iliyoutangulia. Mchezaji hakupotea njia, hakungoja, na kila nusu saa alipata cha kumfurahisha. Kufikia Desemba 2005 ulikuwa na wanachama milioni 5. Star Wars Galaxies, licha ya jina linalojulikana dunia nzima, ulihesabu wake kwa laki tu. La kuchekesha, kama si la kusikitisha, ni kwamba World of Warcraft ulijengwa juu ya mfano wa EverQuest, na EverQuest ulikuwa mali ya Sony Online Entertainment yenyewe. Upande mwingine LucasArts ilikuwa imevuna vyema kutokana na Star Wars: Battlefront, mchezo wa kufyatua risasi uliotoka Septemba 2004. Wakuu wa kampuni zote mbili walikuwa na vielelezo viwili mbele yao, na vyote viwili vilikuwa vikiingiza fedha.

Badiliko la kwanza lilikuja Aprili 2005. Mapigano yalipangwa upya na wachezaji wakapewa madaraja ya kupanda hadi 80, kama ilivyo katika michezo ya safari. Wengi walinung'unika, lakini wakabaki. Pigo lenyewe lilikuwa la Novemba. Tarehe 1 ya mwezi huo kampuni iliuza nyongeza mpya ya mchezo, na siku chache tu baadaye ikatangaza kwamba mchezo wote ungebadilishwa tangu msingi. Malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba walionunua nyongeza ile waliahidiwa kurudishiwa fedha zao. Mabadiliko hayakuahirishwa. Yalianza kutumika tarehe 15 Novemba 2005.

Kazi zote zile zikapunguzwa hadi 9. Mcheza ngoma na mpiga muziki wakawa kitu kimoja, mtumbuizaji. Mafundi wa kila aina wakatiwa katika kapu moja la mfanyabiashara. Mfuga wanyama akafutwa kabisa, na mtu aliyetumia mwaka mzima kukuza wanyama wake akaamka hana kazi. Mapigano yaliyokuwa ya kupanga maagizo kwa zamu yakageuzwa ya kulenga kwa kipanya na kufyatua, kwa mtindo wa michezo ya risasi. Na Jedi, ambaye watu walimhangaikia kwa miezi, akawa chaguo la kawaida siku ya kwanza ya kujiandikisha. Katika kipindi cha hadithi ambacho Jedi walitakiwa kuwa wamekwisha, mitaa ikajaa panga za mwanga.

Mmoja wa wakuu wa LucasArts aliliambia gazeti la New York Times Desemba hiyo kwamba mchezo ulikuwa na mambo mengi mno ya kusoma, na kwamba watu walitaka furaha ya haraka: kuua, kupata hazina, na kurudia. Kama maelezo ya World of Warcraft, kauli hiyo haikuwa mbali na ukweli. Lakini waliokuwa wakilipa ada ya kila mwezi kwa Star Wars Galaxies walikuwa wamechagua kitu kingine, na tangu Novemba 2004 kile cha kuua na kurudia kilikuwapo sokoni kwa yeyote aliyekitaka.

Mpenzi msikilizaji uliyewahi kuketi barazani na wachezaji wa bao utaelewa kilichotokea. Ondoa nyumba, ondoa takasa, ili mchezo uende mbio na kuwavuta wapenzi wa karata. Mashimo yatabaki 32 na kete 64, ila bao lenyewe halipo, na mpenzi wa karata bado ana karata zake.

Kulenga kwa kipanya si jambo baya, na madaraja si jambo baya. Katika michezo yaliyozaliwa nayo hubeba uzito wa jengo zima. Hapa yaliwekwa juu ya nguzo za namna nyingine. Mpiganaji alipofanywa aweze kujitosheleza, tabibu akakosa mgonjwa. Uchovu ulipoacha kuwa na maana, kilabu kikakosa wateja. Ngazi zile zilikuwa zimeshikana, na aliyeng'oa moja aling'oa zote, pengine bila kujua. Wachezaji wa zamani wakaondoka kwa wingi, baadhi yao miji mizima kwa pamoja. Wapya waliotarajiwa hawakuja kwa idadi iliyotarajiwa, kwani anayetaka mchezo wa risasi hununua ulio wa risasi kweli.

Hapo ndipo wachambuzi huutaja mchezo wa EVE Online wa kampuni ya CCP ya Iceland. Nao ni wa tawi la pili, nao ulifunguliwa mwaka 2003, mwezi Mei, na ulianza na wachezaji wachache zaidi. Ni mgumu na wa polepole, na sifa yake moja ni kumkatisha tamaa mgeni. Wenyewe waliutengeneza kidogo kidogo katika njia yake, na kufikia mwaka 2009 ulikuwa na wanachama zaidi ya 300,000. Hadi leo unachezwa.

Star Wars Galaxies nao uliendelea, na mafundi waliobaki walijitahidi miaka kadhaa kurudisha baadhi ya yaliyotupwa. Hata ufugaji ulirudi kwa sura nyingine. Rais wa Sony Online Entertainment wa wakati huo, John Smedley, baadaye alikiri hadharani kwamba uamuzi wa mwaka 2005 ulikuwa kosa. Siku tano baada ya seva kuzimwa ulifunguliwa Star Wars: The Old Republic, mchezo ambao ndani yake yeyote anaweza kuanza akiwa Jedi. Ila watungaji wake, kampuni ya BioWare, waliuweka katika zama za maelfu ya miaka kabla ya filamu, wakati Jedi walikuwa wengi.

Kabla hata ya kuzimwa, watu wa kujitolea walikuwa wameanza kuuandika upya mchezo wa zamani kwa mikono yao, katika mradi unaoitwa SWGEmu. Hawakuchagua toleo la mwisho. Walichagua lile lililokuwapo kabla ya Aprili 2005, pamoja na mapigano yake yasiyo na uwiano, mitambo ya madini, na vilabu ambamo mpiganaji huketi akitazama ngoma mpaka apone.