Kipande cha Babu, Fomu Yangu

Kila Novemba napata homa. Si ya mafua, ni ya fomu. Kazini kwetu hapa Reading kila mtu hupimwa mara moja kwa mwaka: unajipa alama mwenyewe, bosi anakupa zake, halafu mnakaa chumbani kuongea kuhusu mrejesho. Mwaka huu nimehamia upande wa pili wa meza. Nina watu watano chini yangu, na nimeambiwa lazima mmoja wao apate alama ya chini, kwa sababu mgawanyo ndivyo unavyotaka.

Tulipoligusa jambo hili kwenye podikasti, wengi wenu mlituma sauti mkisema haya ni mambo ya Wazungu, kwetu hayakuwepo. Nami nilidhani hivyo hivyo, mpaka nilipompigia Baba simu.

"Alama?" akacheka. "Babu yako alikuwa anapewa alama kila siku jioni."

Babu alikata mkonge Tanga, enzi za Mwingereza. Kwenye mashamba yale kibarua alipewa kadi inayoitwa kipande, ya siku 30 za kazi. Kila asubuhi ulipangiwa kiasi cha kazi. Ukimaliza, siku yako inatiwa alama. Usipomaliza, umefanya kazi bure. Mshahara ulitoka kipande kikijaa. Kwa hiyo mwezi wa kibarua haukuwa mwezi wa kalenda. Ukiumwa, ukifiwa, ukichelewa kumaliza, kadi inakaa na mapengo na mwezi unazidi kurefuka.

Jirani Kenya kulikuwa na kipande cha aina nyingine. Sheria yake ilipitishwa 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamume Mwafrika wa kuanzia miaka 16 alitakiwa kutembea na cheti chenye alama za vidole vyake, mahali alipofanya kazi, mshahara wake na saini ya mwajiri. Cheti kiliwekwa kwenye kijaluba cha chuma, na wengi walikivaa shingoni kwa kamba. Mwajiri asipotia saini kwamba amekuachilia, kupata kazi kwingine ilikuwa shida, na ungeweza kukamatwa kama mtoro. Yaani kalamu ya mtu mmoja ilikuwa inaamua kesho yako.

Watu hawakunyamaza. Kipande kilikuwa moja ya malalamiko makubwa ya Harry Thuku na wenzake. Machi 1922 Thuku alipokamatwa, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi kudai aachiliwe. Wanawake walikuwa mstari wa mbele, akiwemo Mary Muthoni Nyanjiru. Polisi walifyatua risasi, na kwa hesabu ya serikali yenyewe watu 21 walikufa, Nyanjiru akiwa mmoja wao. Kipande kile kiliondolewa mwishoni mwa miaka ya 1940, lakini jina halijafa: mpaka leo Wakenya wengi huita kitambulisho kipande.

Sasa tuje kwa Baba. Yeye alianza kazi kiwandani Dar es Salaam mwaka 1971, akiwa na miaka 20. Mwaka mmoja kabla, Rais Nyerere alikuwa ametoa waraka wa kuanzisha mabaraza ya wafanyakazi sehemu za kazi. Wazo lilikuwa zuri, ila mabaraza yalishauri tu, hayakuamua. Halafu Februari 1971, wiki chache baada ya Idi Amin kuipindua serikali ya Uganda, TANU ikatoa Mwongozo. Kifungu cha 15 kiliwakataza viongozi majivuno, anasa, dharau na uonevu kwa watu.

Wakubwa walikisoma kama maadili. Wafanyakazi walikisoma kama fomu ya kumpima bosi.

Kuanzia hapo hadi 1973 migomo ilifuatana. Cha kushangaza, mara nyingi mshahara haukuwa dai la kwanza. Watu waliacha kazi kwa sababu meneja anatukana, anafukuza ovyo, anatumia mali ya kiwanda kama yake. Mahali pengine walimfungia nje. Mwaka 1973, wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walikishika kiwanda na kuendelea kuzalisha wenyewe. Wengine walipojaribu kufuata njia hiyo, serikali iligeuka: polisi wakaitwa, watu wakapoteza kazi. Profesa Issa Shivji aliandika juu ya kipindi hicho miaka michache baadaye, na kitabu chake bado kinabishaniwa.

Baba anakumbuka kikao kimoja kiwandani kwao. Mzee mmoja wa idara ya ufungaji alisimama, akamsomea meneja kifungu cha 15 neno kwa neno, kisha akataja kosa lake: haitikii salamu.

"Hilo tu?" nikamuuliza.

"Hilo tu? Mtu mzima anakuamkia kila siku asubuhi, wewe unapita kama umepita mti?" Baba akanyamaza kidogo. "Alihamishwa. Tukashangilia. Akaja mwingine, anaitikia salamu vizuri sana, lakini hesabu zake mbovu. Na yule mzee mwaka uliofuata hakuwepo tena kazini. Hakuna aliyetuambia kwa nini."

Hiyo sehemu ya mwisho sikuwa nimewahi kuisikia.

Nimerudi kwenye fomu zangu. Mwenye alama za chini kwenye timu ni dada mmoja aliyeugua karibu miezi miwili. Malengo yake yalikuwa ya mwaka mzima, na hakuna aliyeyapunguza. Kwenye skrini anaonekana mvivu. Mimi naona kadi yenye mapengo.

Sitaki kudanganya kwamba kazi yangu ni shamba la mkonge. Nina mkataba, nina likizo, hakuna anayenifunga kwa kutokuwa na saini. Wala sisemi watu wasipimwe: yule meneja wa pili alihitaji sana kupimwa hesabu zake. Ila nimejifunza kuuliza nani anashika kalamu, na aliyeandikwa ana nafasi gani ya kujibu.

Basi nimeomba malengo yake yahesabiwe kwa miezi aliyofanya kazi, na nimekataa kuweka jina kwenye ile nafasi ya chini. Bosi wangu hakufurahi. Tuna kikao Jumanne, na sijui kitaishaje. Nikimaliza nao, nimewaomba watano wangu wanipime mimi, bila kuandika majina.

Nanyi hebu waulizeni wazee wenu: nani aliwapima kazini, na je, waliwahi kumpima yeye? Rekodini majibu mtutumie. Ila waamkieni kwanza.