Gesi ya friji haiishi, inavuja

Shangazi yangu ana bucha. Mwaka jana fundi alikuja mara tatu kuongeza gesi kwa friji ya nyama. Analipwa, anaenda, na baada ya wiki chache friji imeacha tena kushika baridi. Nikamuuliza, kwani hiyo gesi huenda wapi? Akacheka. "Gesi huisha tu, kijana."

Zii bana. Gesi ya friji si kama ya kupikia. Inazunguka ndani ya paipu zilizofungwa, haichomwi. Ikipungua, imetokea mahali.

Zamani hakuna mtu angekudanganya hivyo. Friji za miaka ya 1920 zilitumia amonia, dioksidi ya salfa na kloridi ya methili, na zikivuja watu walikufa. Albert Einstein na Leo Szilard waliposikia familia moja ya Berlin imeuawa hivyo, wakabuni friji isiyo na vipande vinavyosonga, kwa sababu vipande hivyo vinahitaji mihuri, na mihuri huchakaa. Walipata hataza Marekani mwaka 1930. Friji yao haikufika sokoni.

Dunia ilichagua kubadilisha gesi. Mwaka 1928 Thomas Midgley na wenzake walipata gesi za CFC, na 1930 Midgley akavuta moja hadharani, kisha akaipuliza ikazima mshumaa. Haina sumu, haishiki moto. Tangu hapo nani aliogopa kuvuja?

Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland wakaonya kwamba CFC zinaharibu ozoni. Mkataba wa Montreal ukaja 1987, tukahamia HFC. Hizo haziharibu ozoni, lakini zinapasha dunia joto. Kilo moja ya R-404A, gesi ya friji nyingi za biashara, inashinda kilo ya kaboni dioksidi zaidi ya mara 3,000. Ndio maana mwaka 2016 nchi zilikutana hapa jirani, Kigali, kukubaliana kuzipunguza.

Gesi zimebadilika mara ngapi? Lakini kompresa bado inatetemeka, nati zinalegea, paipu ya shaba inasuguana na chuma mpaka inatoboka.

Fundi wa pili alipaka povu la sabuni kwenye viungo. Nati moja nyuma ya kompresa ikatoa mapovu. Gesi zote tatu zilipitia hapo, na shangazi alizilipia zote.

Fundi akikuambia gesi imeisha, muulize kwanza: umeona inavujia wapi?