Tramu 204

Katika miji mingi ya Amerika Kaskazini tramu zilikufa katikati ya karne iliyopita. Mabasi na magari ya watu binafsi yalitwaa barabara, reli zikang'olewa au kufunikwa kwa lami, na watoto waliozaliwa baadaye wakazijua tramu kwa picha tu. Toronto nayo ilikuwa na mpango wa kuziondoa zote ifikapo 1980. Wakazi wakakataa. Mwaka 1972 kikundi cha wananchi kilichojiita Streetcars for Toronto kiliwaendea madiwani na hesabu zake mkononi, na Novemba mwaka huo bodi ya TTC, shirika la usafiri la mji, ikageuza uamuzi. Tramu zikabaki.

Naanza na mwaka huo kwa sababu. Mimi ni mkazi wa Toronto, na kila nisikiapo habari ya tramu mpya zilizochelewa, husimuliwa kana kwamba yote yalianzia kiwandani: palikuwa na kampuni, ikaahidi, ikashindwa. Hayo ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Mji ulioamua kubaki na tramu ulikuwa umejipa pia wajibu wa kununua nyingine siku hizo zitakapozeeka, na siku hiyo ilijulikana mapema.

Tramu zilizokuja baada ya uamuzi ule zilikuwa za aina mbili. Zile fupi, 196, zilianza kazi 1979. Zile ndefu zenye kiungo katikati, 52, zilifuata mwishoni mwa miaka ya 1980. Watu walizipenda, nami nilizipenda. Ukitaka kushuka mlango wa nyuma, ulikanyaga kidato cha ngazi na mlango ukafunguka. Majira ya joto hazikuwa na kiyoyozi, ila madirisha yalifunguka na upepo wa ziwani ukaingia. Lakini sakafu yake ilikuwa juu sana. Kuingia ilikuwa ni kupanda ngazi kutoka katikati ya barabara, na mtu wa kiti cha magurudumu hakuwa na njia yoyote ya kuingia. Mzee wa magoti mabovu alipanda kwa kuvutwa mkono. Mama mwenye kigari cha mtoto alimwomba mgeni amshikie upande mmoja.

Kwa asiyeweza kabisa, mji ulikuwa na huduma nyingine, Wheel-Trans: gari dogo linalomfuata mtu nyumbani, ambalo lazima aliombe mapema. Ni huduma ya maana. Hata hivyo, kuna tofauti kubwa kati ya mtu anayetoka nyumbani anapotaka na mtu anayepaswa kujua leo kesho atataka kwenda wapi. Mwaka 2005 jimbo la Ontario lilipitisha sheria iliyolenga kuondoa vizuizi vya aina hiyo kwa watu wenye ulemavu ifikapo 2025. Kwa hiyo tramu mpya zilipoanza kuzungumzwa, jambo lililokuwa mezani lilikuwa zaidi ya kiyoyozi na rangi. Lilikuwa ni nani ahesabiwe kuwa abiria.

Ununuzi wenyewe ulikuwa mgumu. Reli za Toronto zina upana wa milimita 1,495, wakati kipimo cha kawaida duniani ni 1,435. Upana huo ni urithi wa 1861, enzi za tramu za kukokotwa na farasi. Kona nazo ni kali, nyingine zina nusu kipenyo cha mita 11 hivi. Tramu ya sakafu ya chini iliyozoea Ulaya haiwezi kuletwa hapa kama ilivyo. Mwaka 2008 TTC ilizikataa zabuni zilizoletwa, ikiwamo ya Bombardier, kwa kuwa shirika liliona tramu yake ingeacha reli kwenye kona hizo. Mazungumzo yakarudiwa, na 2009 kampuni hiyo hiyo ikashinda kwa bei iliyokuwa chini sana ya ile ya Siemens. Tramu 204, kwa takribani dola milioni 850 za Kanada.

Fedha nazo zilikuwa na kisa chao. Mji ulitarajia kugawana mzigo na jimbo na serikali kuu, theluthi kwa theluthi. Jimbo likakubali. Serikali kuu ikakataa. Juni 2009 madiwani, chini ya Meya David Miller, wakaahirisha miradi mingine ili mji ubebe na theluthi ile. Wakati huo tramu kongwe zilikwisha kutimiza miaka 30. Mkataba ulitiwa saini wakati muda wa kungoja ulikuwa umekwisha kuliwa.

Kiwanda kilikuwa Thunder Bay, mji ulio kando ya Ziwa Superior, mbali kaskazini-magharibi ya Toronto. Ni kiwanda chenye historia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili kiliunda ndege za kivita za Hurricane zaidi ya 1,400, chini ya mhandisi mkuu Elsie MacGill. Sharti mojawapo la kazi ile lilikuwa kwamba sehemu zake zioane na za ndege zilizoundwa Uingereza, ng'ambo ya bahari. MacGill alikuwa ameugua polio akiwa kijana, akatembea kwa magongo mawili maisha yake yote yaliyobaki. Baadaye alihamia Toronto na kufungua ofisi yake ya uhandisi. Nyingi kati ya tramu zile za ngazi ndefu za 1979 zilitoka katika kiwanda hicho hicho alichokisimamia, naye alikuwa bado hai. Kila nikilikumbuka hilo huona jinsi mtu anavyoweza kuijenga nchi kwa akili yake, na gari la mji wake likatengenezwa kana kwamba watu kama yeye hawapo.

Safari hii kuoana ndiko kulikoshindikana. Bombardier iliigawa kazi: sehemu kubwa za mabodi zilitengenezwa Sahagún, Meksiko, kisha zikasafirishwa hadi Thunder Bay kuunganishwa. Zilipofika, nyingine hazikukaa sawa. Vipande ambavyo vilitakiwa kuunganishwa tu vilihitaji kurekebishwa kwanza, na TTC ikakataa kupokea magari yasiyofikia kiwango. Ni rahisi kuwatupia lawama mafundi wa Meksiko, na wengi walifanya hivyo. Mimi naona fundi hakuamua gari moja lizaliwe katika nchi mbili. Uamuzi huo ulifanywa ofisini, na ulifuata bei.

Tramu ya kwanza ya majaribio ilifika Septemba 2012. Majaribio yakaonyesha mambo ya kurekebisha, likiwamo daraja dogo linalotoka mlangoni kwa ajili ya viti vya magurudumu. Kiangazi cha 2014 wafanyakazi wa Thunder Bay wakagoma kwa takribani miezi miwili. Tarehe 31 Agosti mwaka huo tramu mbili mpya zikaanza kubeba abiria katika barabara ya Spadina. Zilikuwa na urefu wa mita 30, milango minne, na sakafu iliyo karibu usawa na ukingo wa kituo. Watu wakapiga picha na kushangilia. Kisha wakangoja.

Mwisho wa 2015 tramu zaidi ya 60 zilitakiwa ziwe zimewasili. Zilikuwapo kama 15. Ratiba ikaandikwa upya, ikashindwa, ikaandikwa tena. Oktoba 2015 bodi ya TTC iliamua kudai fidia ya dola milioni 50. Metrolinx, shirika la usafiri la jimbo ambalo nalo liliagiza magari kwa kampuni hiyo, likajaribu kuuvunja mkataba wake, na mwaka 2017 likaagiza mengine kwa Alstom.

Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapa kila mtu aliumia kwa namna yake. Magari makongwe yaliendelea kufanya kazi kwa kutiwa viraka, na mji ukatumia mamilioni kukarabati vitu ulivyokuwa umekwisha kuamua kuvitupa. Breki na milango yake ilitegemea upepo unaopita katika mabomba. Baridi ilipozidi, unyevu uliomo humo uliganda, na asubuhi nyingine tramu kadhaa hazikuweza kutoka gereji. Mwaka 2018 njia nzima za tramu, kama Carlton na Dundas, zilihudumiwa na mabasi kwa miezi mingi. Mabasi hayo hayakushuka kutoka mbinguni. Kila basi lililoziba pengo katikati ya mji lilikuwa basi ambalo lingeweza kumpunguzia mtu msongamano kule Scarborough au Etobicoke, ambako wahamiaji wengi tunaishi na ambako sehemu kubwa hazifikiwi na tramu. Kwa hiyo hata asiyewahi kupanda tramu alilipia sehemu ya kuchelewa kwake.

Na yule wa kiti cha magurudumu? Kwake ratiba mpya ilikuwa na maana moja tu: bado. Wengine tulikasirika kwa kusimama dakika 20 kituoni. Yeye alisubiri miaka, na gari alilokuwa akilingoja lilipopita, mara nyingi lilikuwa la njia nyingine.

Kampuni ilifungua mahali pa pili pa kuunganishia karibu na Kingston, Ontario, na mwendo ukaongezeka. Lakini Julai 2018 ikatangazwa kwamba 67 kati ya tramu 89 zilizokwisha kufika zingerudishwa kiwandani, safari hii La Pocatière, Quebec, kwa sababu ya kasoro za kuchomelea. Hazikuwa hatari kwa abiria, walisema, ila zisiporekebishwa hazingemaliza miaka 30 iliyokusudiwa. Gari jipya likasafiri mamia ya kilomita kwenda hospitali, na gari kuukuu likashika zamu yake.

Tramu ndefu za zamani zilimaliza kazi Septemba 2019. Zile fupi zilipita kwa mara ya mwisho katika barabara ya Queen tarehe 29 Desemba, na watu wengi walikuja kuziaga, wengine wakilia. Januari 2020 tramu ya 204 ikawasili. Mwaka uliofuata biashara ya reli ya Bombardier ikanunuliwa na Alstom.

Mji haukukimbia. Mwaka 2021 uliagiza tramu nyingine 60 kutoka kiwanda hicho hicho, na ya kwanza ikafika 2023. Wapo waliouona huo kuwa upumbavu. Nadhani lilikuwa jambo la busara: tumekwisha kulipa ada ya kiwanda kujifunza kuzitengeneza, na kwenda kuanza upya kwingine kungekuwa kuilipa ada hiyo mara ya pili.

Lakini hesabu niliyojifunza katika habari hii haimo katika mikataba. Kuchelewa hupimwa kwa idadi ya magari: 204 kutoa 15, kutoa 30, hadi sifuri. Fidia nayo hupimwa kwa dola. Hakuna safu katika daftari inayoandika safari ambazo hazikufanyika: kliniki iliyoahirishwa, rafiki asiyetembelewa, kazi ambayo mtu hakuiomba kwa kuwa hakuwa na jinsi ya kufika. Tramu za 1979 zitakapokuwa zimesahaulika, hizi za sasa nazo zitakaribia miaka 30. Tarehe hiyo tunaijua tangu leo. Atakayeanza kuihesabu mapema ndiye atakayewawahi wale wasioweza kupanda ngazi.