Shule shikizi: uji wa watoto ni wa nani?

Shule shikizi huanzishwa karibu na makazi ili watoto wadogo wasitembee mbali. Kwetu Kyela zinawaepusha pia kuvuka mito kama Mbaka na Lufilyo wakati wa masika. Ada ya darasa la awali katika shule za serikali ilifutwa tangu Januari 2016, lakini Waraka wa Elimu Namba 3 wa mwaka huo unamwachia mzazi sare, madaftari na chakula.

Hapo kwenye chakula ndipo tunapokwama. Mchango wa kila mwezi unatushinda, maana Machi mpunga wa nyumbani umeshakwisha. Tunaona heri mkutano wa wazazi ukubaliane madebe wakati wa mavuno, yapimwe mbele ya wote. Asiye na mpunga alete kuni au ashike zamu ya kupika. Mtoto wake anywe uji kama wenzake.